Namhudumia mzee wa Kisikh nyumbani: niguse nini, nisiguse nini?

SWALI: Mimi ni mhudumu wa wagonjwa nyumbani hapa Mombasa. Namtunza mzee wa Kisikh aliyepata kiharusi upande wa kulia. Mkewe alishatangulia, watoto wako Kanada. Ana kilemba, bangili ya chuma na kisu kidogo asichovua. Nyumbani kuna chumba cha kitabu chao kitakatifu, na mke wangu ndiye anayekuja kufanya usafi. Sisi ni Waislamu. Tuguse nini, tusiguse nini? Kuna siku za mwezi ambazo mke wangu hafai kuingia chumba kile? Jumapili mzee anataka nimpeleke gurdwara, nyumba yao ya ibada; nitalazimika kusujudu? Na simu yake imejaa dua zao, je, naweza kuingia nayo chooni?

JIBU: Ndugu yangu, tuanze na yale mawili yanayokukosesha raha. Hulazimiki kusujudu, si nyumbani wala gurdwara. Mwongozo wa mwenendo wa Wasikh, Sikh Rehat Maryada, ulioidhinishwa Amritsar, mji wao mtakatifu huko India, mwaka 1945, unamruhusu mtu wa dini yoyote kuingia gurdwara, mradi asiwe amebeba tumbaku au kileo. Ukivua viatu, ukafunika kichwa na kukaa kwa utulivu, umetimiza unachodaiwa. Na mke wako hana siku ya kufungiwa mlango. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao (guru ni mwalimu wa kiroho), alikataa waziwazi imani kwamba kuzaa, kufiwa au hedhi humfanya mtu awe najisi. Anachotakiwa mke wako ni usafi ule ule unaotakiwa kwako: mikono iliyonawishwa, miguu safi, nguo safi.

Sasa chumba. Kilichomo ni Guru Granth Sahib, kurasa 1430 za mashairi ya ibada. Nakala ya kwanza ilikamilishwa na Guru Arjan, Guru wa tano, na kuwekwa Harmandir Sahib, gurdwara kuu ya Amritsar, mwaka 1604. Mwaka 1708, kabla ya kufariki mjini Nanded, Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, aliacha agizo kwamba baada yake hakutakuwa na Guru mwingine wa kibinadamu. Guru ni kitabu hicho. Ndiyo maana mzee wako hukitaja kama mtu, na mimi nitafanya hivyo hapa. Asubuhi anafunguliwa, na tendo hilo huitwa prakash. Jioni anafungwa, anafunikwa na kulazwa, nalo huitwa sukhasan. Mkichukulia kwamba mle ndani amepumzika mgeni mkubwa kuliko wote katika nyumba, maswali mengi mtayajibu wenyewe. Mtu hapigi kelele mlangoni pake, hamnyooshei nyayo, haweki funguo na chupa ya dawa juu ya kitanda chake.

Kwa usafi, mke wako aingie bila viatu, kichwa kimefunikwa (mtandio wake unatosha kabisa), mikono ameosha kwa sabuni. Afagie akianzia upande wa Guru Granth Sahib kuja mlangoni, ili vumbi lisirudi kule. Ufagio, ndoo na kitambaa cha kupigia deki viwe vya chumba hicho tu. Visitoke bafuni vikaingia mle. Kitanda kidogo anachowekwa, manji, kifutwe miguuni na pembeni kwa kitambaa kikavu. Juu ya manji pana mito, shuka na vitambaa vya kufunikia vinavyoitwa rumala. Hivyo mviache mlivyovikuta. Juu zaidi kumetandazwa kitambaa kama dari ndogo, chandoa. Utando wa buibui ukionekana huko, msipande kigoda kuutoa, kwa sababu mtakuwa mmesimama juu ya Guru. Mwambieni mzee, amwite mtu wa gurdwara. Pembeni kuna mgwisho wa nywele nyeupe, chaur, unaopeperushwa juu yake kwa heshima. Huo nao si wa kufutia vumbi, na si ajabu kukuta mhudumu mgeni ameutumia hivyo kwa nia njema kabisa.

Rumala zikihitaji kufuliwa, mpewe na mwenye kuzitoa, yaani mzee au Msikh anayemsaidia. Zifuliwe peke yake kwa mkono, katika beseni lisilofuliwa soksi wala chupi. Zianikwe kwenye kamba iliyo juu, mahali ambapo hakuna nguo za ndani zinazodondosha maji juu yake. Ikianguka moja sakafuni, iokoteni na kuiweka kando ifuliwe. Hakuna faini wala laana.

Mambo matatu huharibu chumba hiki kuliko kukosea adabu, na katika mji wa Mombasa yote matatu yapo. La kwanza ni unyevu. Ukuta wa nyuma ukianza kutoka madoa wakati wa masika, semeni siku hiyo hiyo, karatasi haisubiri. La pili ni mchwa na mende. Msipulize dawa mle ndani hata kidogo; kwanza Guru Granth Sahib ahamishwe na Wasikh wenyewe, ndipo fundi aingie. La tatu ni umeme. Huko Punjab, jimbo la India wanakotoka Wasikh wengi, kumekuwa na mioto iliyoanzia kwenye nyaya za feni au taa na kuteketeza nakala ndani ya gurdwara. Kabla ya kufunga mlango usiku zimeni feni, taa za mapambo na soketi zake. Watu wengi wanadhani taa iwake usiku kucha kwa heshima, na mwongozo wenyewe hauamuru hivyo. Wala hauamuru ubani na mishumaa. Unakataza ibada ya kuzungusha taa na ubani mbele ya Guru. Kwa hiyo msimfukizie udi mkidhani mnamfurahisha mzee.

Ikitokea dharura ya kweli, bomba limepasuka au moshi umeingia, mwokoeni Guru Granth Sahib. Funikeni kichwa na chochote kilicho karibu, mnyanyue pamoja na vitambaa vyake, mbebe kwa mikono miwili juu ya kiuno, mkamweke mahali safi palipoinuka: meza iliyotandikwa shuka, kamwe isiwe sakafu wala kitanda cha kulalia. Kisha piga simu gurdwara. Hakuna Msikh atakayewalaumu kwa hilo.

Nje ya dharura, kumfungua na kumlaza si kazi yenu hata mzee akiomba kwa kuchoka. Anayekaa nyuma ya Guru Granth Sahib na kuwasomea wengine ni Msikh, mwanamume au mwanamke. Asiye Msikh anaruhusiwa kujisomea mwenyewe, lakini kumhudumia kila siku kunahitaji kujua sala na utaratibu, na nakala kamili ni nzito kwa mtu asiyezoea kuibeba kichwani. Mzee wa kiharusi hawezi tena. Hili lisemwe wazi na watoto wake kwa simu, maana nyumba nyingi hulikwepa, na Guru Granth Sahib anabaki amefungwa miezi wakati mwongozo unataka afunguliwe kila siku. Zipo njia mbili za heshima. Msomaji wa gurdwara, granthi, au jirani Msikh aje asubuhi na jioni. Au Guru Granth Sahib ahamishiwe gurdwara, mzee abaki na kitabu kidogo cha sala, gutka. Kwa maoni yangu njia ya pili ndiyo inayodumu. Ile ya kwanza huanza vizuri, halafu granthi anasafiri na jirani anaugua.

Siku ya kumhamisha Guru Granth Sahib mtaona Wasikh wakisali kwanza wamesimama, kisha mmoja anambeba kichwani akiwa peku. Viatu vikilazimu, mwongozo unasema pasiwe na ushirikina juu yake. Kazi yenu siku hiyo ni kufungua milango, kuondoa viatu na ndoo njiani, kupiga deki ngazi, na kutandika shuka jeupe safi kwenye kiti cha gari. Akipita, simameni.

Tuje kwenye mwili wa mzee, na hapa ndipo makosa makubwa hutokea, kwa sababu mhudumu huona nguo na pambo pale ambapo mzee anaona kiapo. Mtu aliyepokea amrit, yaani aliyekunywa maji matamu ya kiapo cha dini yao, kama inavyoelekea mzee wako amepokea, hubeba vitu vitano vilivyowekwa na Guru Gobind Singh mwaka 1699 pale Anandpur: nywele zisizokatwa, kitana cha mbao, bangili ya chuma, kaptula maalumu ya ndani, na kirpan, hicho kisu kidogo. Hakuna hata kimoja kinachovuliwa "kwa muda tu" bila kumwuliza. Mwulize yeye kwanza, hata kama maneno yanamtoka kwa shida. Ndipo uwaulize watoto.

Nywele. Hazikatwi, hazipunguzwi, na hii ni pamoja na ndevu, nyusi na vinyweleo vya mwili. Mgonjwa anayelala sana nywele zake hufungana mafundo kisogoni, na mhudumu aliyezoea mkasi atautafuta. Usifanye hivyo. Paka mafuta kidogo ya nazi kwenye fundo, liache robo saa, kisha lifungue kwa vidole ukianzia ncha kupanda juu, mkono mwingine umeshika juu ya fundo ili kichwa kisivutwe. Kitana kije mwisho. Siku ya kuosha, mkalishe karibu na beseni au mtandikie taulo na plastiki kitandani, mwagia kwa jagi, shampuu kwenye ngozi na wala si kwenye urefu wote, suuza mpaka maji yatoke meupe. Kisha ngoja. Nywele ndefu zinaweza kuchukua zaidi ya saa moja kukauka kwa unyevu wa pwani, na ukizifunga mbichi chini ya kilemba zitanuka na ngozi itawasha na kutoa mba. Feni ikae mbali, kichwa kifunikwe kitambaa chepesi kikikauka. Zinazong'oka usiziache kwenye shimo la bafu. Zikusanye kwenye karatasi, umwulize anapenda zifanyweje. Wengi huzichoma.

Kilemba ni kitambaa cha pamba cha mita 5 au 6 hivi, na huwezi kukikunja vizuri peke yako. Kitendo hicho huitwa pooni na kinataka watu wawili. Mzee ana mkono mmoja wenye nguvu, kwa hiyo mke wako au mtu mwingine ashike upande wa pili. Simameni mkitazamana, kila mmoja ashike pembe zake, mvute kitambaa kwa mshazari mpaka kikaze, mkikunje kwa urefu, mkunje tena, mpaka kibaki ukanda wa upana wa vidole vinne au vitano. Kosa la kila anayejifunza ni kuachia ncha ikaanguka chini. Tandikeni shuka safi miguuni kabla hamjaanza. Mzee mwenye afya hushika ncha moja kwa meno anapoanza kuzungusha. Wako huenda mdomo hauna nguvu upande mmoja, basi ishikilie wewe kwenye paji la uso mpaka mizunguko miwili ya kwanza ikae. Ingiza kidole chini ya kilemba ukimaliza. Kisipopita, umekaza mno, na mgonjwa wa kiharusi anaweza asikuambie kwamba kichwa kinauma. Siku za kulala, keski, yaani kilemba kifupi na chepesi, inatosha. Kilemba hakiwekwi sakafuni, hakikaliwi, hakirukwi, hakifuliwi na soksi.

Bangili, kara, huvaliwa mkono wa kulia, nao ndio uliopooza. Hili liangalie kila siku, kwa sababu mkono uliopooza huvimba polepole na kara haitanuki. Kila asubuhi pitisha kidole chako kidogo kati ya bangili na ngozi. Siku kitakapopita kwa shida, usingoje kesho: inua mkono juu ya mto dakika kumi, paka sabuni, mwombe ruhusa, ihamishie mkono wa kushoto. Watoto watafute kubwa zaidi. Anayesubiri mpaka vidole viwe vya bluu anaishia hospitali bangili ikikatwa kwa msumeno, na mzee anaumia mara mbili.

Kaptula, kachera, ni ya pamba na hufungwa kwa kamba kiunoni. Wako wanaoshika desturi ya kutoivua yote kwa mara moja: mguu mmoja hutolewa, safi huvalishwa mguu huo, ndipo mguu wa pili utolewe. Ukimwogesha na kumvua yote kwa haraka kama unavyofanya kwa wagonjwa wengine, utamwona akihangaika bila kujua kwa nini. Mwulize kama anafuata hivyo. Kama anatumia pampasi za watu wazima, kwa kawaida huingia ndani ya kachera bila tatizo ukichukua saizi kubwa ya kachera. Mrija wa mkojo upitishe kwenye mguu, usiutoe juu kwenye kamba, la sivyo utabanwa na mkojo utarudi.

Kirpan huning'inia kwenye mkanda uliopita bega la kulia kushuka ubavu wa kushoto. Haikati nyanya wala bahasha. Wengine hawaivui hata bafuni, huifunga kichwani au kiunoni wakati wa kuoga. Ikibidi ikae pembeni, iwekwe juu ya kitambaa safi upande wa kichwa cha kitanda, isining'inizwe kwenye msumari pamoja na suruali. Iko hali moja ngumu. Kiharusi au uzee ukimchanganya akili akawa hajui aliko, kisu chenye makali ni hatari kwake na kwako. Usikifiche kimyakimya, kwani akikitafuta asikione ataona ameibiwa imani yake. Waambie watoto, na waulize gurdwara kuhusu kirpan ndogo butu iliyoshonewa ndani ya ala. Familia nyingi hukubali hilo.

Jikoni nitapita haraka. Aliyepokea amrit hali nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wa ibada ya Kiislamu, na bucha nyingi za Mombasa ndivyo zinavyochinja. Kwa hiyo usimnunulie kuku ukidhani unamheshimu. Wasikh wengi walioshika dini sana hawali nyama kabisa, na kuna nyumba zinazohesabu yai kuwa nyama. Uliza kabla ya kupika. Chakula chako mwenyewe ni chako, ila usitumie sufuria zake. Usionje mchuzi kwa kijiko ukakirudisha chunguni, hicho tayari ni makombo. Sigara, ugoro na pombe visiingie nyumba hiyo hata kwenye mfuko wa koti lako. Tumbaku ni miongoni mwa makatazo manne makubwa aliyoapa, pamoja na kukata nywele, kula nyama hiyo, na uzinzi.

Sala zake usizikatize. Ya alfajiri, Japji, huchukua kama dakika 20 hadi 25, nyingine hufuata, kisha kuna ya magharibi na ya kulala. Ratiba ya dawa ipangwe kuzunguka saa hizo. Kabla hajaanza mwoshe mikono na kinywa na umfunike kichwa. Akisali amelala kwa kuwa hawezi kukaa, hakuna ubaya. Gutka ikae kwenye kitambaa chake mahali pa juu. Isiwekwe chini ya mto upande wa miguu, isilazwe kifudifudi imefunguka, isifunguliwe kwa kidole kilicholowa mate. Ikichakaa, au kukiwa na kalenda yenye maandishi ya sala, usitupe jaani. Peleka gurdwara, wao wana utaratibu wa kuviteketeza kwa heshima.

Sasa Jumapili. Kabla ya kuondoka badilisha pampasi na umwoshe miguu, nawe uoshe yako. Kofia yako ya viua huenda ikaachwa ipite, lakini chukua leso safi ya kufunika kichwa chote, maana gurdwara nyingi hazipendi kofia za aina yoyote. Mlangoni kuna vitambaa vya kuazima, ila cha kwako ni safi zaidi. Viatu huachwa kwenye rafu. Magurudumu ya kiti chake yafute kwa kitambaa chenye maji, na hili watu husahau: yamepita barabarani kama viatu.

Ukumbini mzee atataka kufika mbele kuinamisha kichwa na kutoa sadaka kidogo. Msukume polepole katikati, simama kando yake, weka mikono pamoja kifuani au iache tu. Wewe huhitaji kupiga goti. Kisha mgeuze na kuondoka ukiwa umemweka Guru Granth Sahib upande wako wa kulia kama mnamzunguka. Kaeni ukutani au nyuma, na kama kuna mabenchi ya wazee, huko. Nyayo zake zitakuwa zimeelekea mbele kwa sababu ya kiti. Geuza kiti kidogo mshazari na umfunike miguu kwa shuka. Wewe kaa sakafuni ukiwa umekunja miguu. Watu wote wakisimama, ni Ardas, sala ya pamoja. Simama nao kimya, yeye abaki ameketi.

Mwisho hugawiwa karah prashad, uji mzito mtamu wa unga wa ngano, sukari na samli kwa vipimo sawa. Hupokewa kwa viganja viwili vilivyounganishwa, mtu akiwa ameketi. Ukitaka kutokula, unganisha mikono kifuani na uinamishe kichwa kidogo; anayegawa atapita bila kununa. Kukinga mkono mmoja au kupokea kisha kukitupa, hilo ndilo kosa. Kwa mzee wako angalia mambo mawili. Kama ana sukari, omba kidogo sana, kiasi cha tende moja. Na kwa kuwa ana kiharusi, mpe kidogo kidogo upande wenye nguvu akiwa ameketi wima, kwa sababu samli hutelezesha na anaweza kupaliwa.

Baada ya hapo kuna langar, chakula cha bure kwa kila mtu, daima bila nyama, kwa hiyo na wewe unaweza kula. Watu hukaa mistari sakafuni. Mzee atapewa kiti au atabaki kwenye chake. Pokea chapati kwa mikono miwili. Ukitosheka, funika sahani kwa kiganja kabla hawajamimina, maana kubakiza chakula ni aibu kuliko kukataa. Kichwa kibaki kimefunikwa hapo pia. Wengi wanaosafiri barabara ya Mombasa kwenda Nairobi wanajua hili kwa sababu ya gurdwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926, ambako msafiri yeyote hula bila kuulizwa dini wala nauli.

Hospitalini, ubebe karatasi moja kwenye faili lake: "Msikh aliyepokea amrit. Nywele zisinyolewe wala kukatwa bila idhini yake au ya familia. Kirpan, kara na kachera visivuliwe bila kumwambia." Kabla ya upasuaji waulize kama eneo linaweza kuachwa bila kunyolewa, mara nyingi linaweza. Maisha yakiwa hatarini daktari hatangoja, na hakuna atakayemhesabia mzee dhambi. Kwenye mashine ya MRI chuma hakiingii kabisa. Kara na kirpan vitolewe mapema kwa sabuni na utulivu nyumbani, si mlangoni mwa mashine, na uvishike wewe katika kitambaa safi. Kitana cha mbao kinaweza kubaki. Na siku akifariki mikononi mwako, acha vyote vitano vilivyo, mfunike kichwa, mwache juu ya kitanda bila kumshusha sakafuni, usiwashe taa wala mshumaa kando yake. Kuosha na kuvalisha ni kwa familia na Wasikh wenzake, kisha mwili huchomwa.

Watoto wakimwita Kanada, kirpan iingie kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege kabla hamjafika ukaguzi. Kanada tangu mwishoni mwa 2017 inaruhusu makali yasiyozidi sentimita 6 ndani ya ndege nyingi, isipokuwa zinazokwenda Marekani, lakini mtapita viwanja vya nchi nyingine njiani, navyo havifuati sheria ya Kanada. Wakitaka kukagua kilemba, omba chumba cha faragha, kioo, na meza safi. Kisiwekwe kwenye trei iliyotoka kubeba viatu vya watu.

Na ile simu. Simu si gutka, kwa hiyo huna haja ya kuiogopa. Zima usomaji au wimbo wa ibada kabla ya kuingia msalani, skrini iwe imezimika, au iache mezani kama inawezekana. Mzee akisikiliza kwa spika kitandani, usiiweke simu miguuni pake wala sakafuni, na sauti ipungue ukianza kumbadilisha pampasi.